Dayati Niliyompelekea Mama

Nilianza kuacha wanga kwa sababu ya magoti. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya utalii mjini, nimekaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, na kila nilipopanda ngazi za nyumba tunayopanga Kijenge nilikuwa nashika ukuta. Mwenzangu wa ofisini akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaopunguza uzito. Humo ndani hakuna aliyekula ugali. Wali, mkate, chapati, viazi, ndizi, vyote marufuku. Watu walituma picha za sahani zao: mayai, nyama ya kuchoma, parachichi, mchicha uliokaangwa kwa siagi. Walituma na picha za suruali zao za zamani zinazowapwaya kiunoni.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma na nikawa mkali nyumbani hadi watoto wakaanza kunikwepa. Wiki ya tatu njaa ilikata. Mwezi wa nne nilikuwa napanda ngazi huku naongea na simu. Mume wangu aliendelea na ugali wake bila kubishana, ila siku moja aliniangalia nikivaa sketi niliyokuwa nimeiweka kwenye sanduku miaka mitano, akacheka, akasema, "Basi hiyo kitu inafanya kazi."

Ilifanya kazi kweli. Sitaki kusema uongo hapa kwa sababu ya yale yaliyokuja baadaye. Magoti yalipona, na haikuwa ndoto.

Tatizo langu ni kwamba mimi nikipata kitu kizuri siwezi kukaa nacho peke yangu. Na mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa mama.

Mama anaishi juu kule Nkoaranga, kwenye shamba la kahawa na migomba aliloachiwa na baba. Anaishi peke yake na ng'ombe mmoja wa maziwa, na jirani yake, mama mmoja mjane wa umri wa kati, yuko ng'ambo ya mfereji, akipaza sauti anasikika. Mama alikuwa na sukari kwa miaka sita. Kila mwezi alikwenda kliniki, akapimwa kidole, akachukua vidonge, na akarudi na maneno yale yale ya muuguzi: kula mlo kamili, sahani nusu iwe mboga, wanga kiasi, maharage, tunda moja, punguza mafuta na chumvi. Kliniki kulikuwa na picha kubwa ukutani yenye vyakula vyote vimepangwa kwa makundi, na mahindi na ndizi zilikuwa na nafasi yao pale. Sukari yake haikuwa mbaya sana, lakini haikuwahi kuwa nzuri. Ilikaa pale juu kidogo, mwezi baada ya mwezi.

Mimi niliitazama ile picha ya ukutani na nikaidharau. Niliona kama watu wanamwambia mgonjwa wa sukari ale sukari. Kwenye kundi letu walisema miongozo ile imepitwa na wakati, na kwamba wanga wote ukifika tumboni unageuka sukari tu. Hili la pili lina ukweli ndani yake, na kwa hiyo lile la kwanza nalo nililimeza bila kutafuna.

Jumamosi moja nikapanda Nkoaranga na kapu. Nilibeba mayai trei nzima, siagi, samaki wabichi wa Tengeru, karanga. Mama alikuwa anamenya ndizi za machalari, zile anazopika na nyama na nyanya mpaka mchuzi unakuwa mzito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama. Karibu. Mbona umekonda hivyo, unaumwa?"

"Siumwi. Nimepona. Ndicho kilichonileta."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo ndizi nisile kabisa?"

"Kabisa. Na ugali. Na uji. Na ile loshoro yako."

"Loshoro ni mahindi na maziwa tu."

"Mahindi ndiyo hayo hayo, mama. Ni sumu kwako."

Alitazama migomba yake nje ya mlango kama mtu aliyeambiwa jambo baya juu ya jamaa zake. Halafu akasema, taratibu, "Kliniki wanasema nile kidogo. Wewe unasema nisile kabisa. Sasa nimsikilize nani?"

Nilimjibu, "Wale wana wagonjwa mia. Mimi nina mama mmoja."

Nilijiona nimesema la maana sana. Yeye akainuka, akachukua ile sufuria ya ndizi zilizomenywa, akaenda kumpa ng'ombe.

Mama si mtu wa kufanya jambo nusu. Alifuata kuliko mimi mwenyewe. Asubuhi mayai mawili na maziwa mgando kidogo, mchana mboga na parachichi, jioni samaki au kipande cha nyama. Nilimpigia kila siku na alinisomea kama mwanafunzi anayetoa hesabu kwa mwalimu. Jirani alimcheka, akamwambia ataanguka shambani kwa kukosa nguvu. Alimjibu kwamba mwanawe wa mjini amesoma. Nilipoambiwa hilo nilifurahi.

Sukari aliyopimwa kliniki mwezi uliofuata ilikuwa imeshuka sana. Muuguzi alimpongeza na kumuuliza amefanya nini, na mama akasema amepunguza chakula. Hakutaja zaidi. Baadaye aliniambia aliona haya kumwambia muuguzi kwamba mafundisho yao ameyaweka pembeni. Na mimi nilipoulizwa na mama kama amwambie, nilisema, "Achana nao, watakurudisha nyuma." Hayo ni maneno yangu. Nayakumbuka vizuri, na nakumbuka hata nilikuwa nimesimama wapi.

Vidonge aliendelea kumeza vile vile, asubuhi na jioni. Wala sikufikiria vidonge. Katika kundi letu watu walizungumza habari za chakula mchana na usiku, na sikumbuki kama niliwahi kuuliza pale ndani vidonge vya mama vinafanya nini mwilini. Mimi mwenyewe sikuwa mgonjwa. Nilichukua dawa ya magoti yangu nikampa mtu mwenye ugonjwa mwingine.

Kulikuwa na dalili. Siku mbili aliniambia kwenye simu kwamba alitetemeka mikono alipokuwa anakamua. Nikamwambia ni mwili unazoea, mimi pia wiki ya kwanza nilitetemeka. Akasema sawa.

Basi ikafika Jumapili ya mavuno. Nilipanda tangu asubuhi ili nisali naye. Kanisa lilijaa, na mbele ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, miwa, maboga, kuku waliofungwa miguu, magunia ya mahindi, mabeseni ya parachichi. Baada ya ibada watu walitoka nje kwa ajili ya mnada, kama kawaida. Mzee wa kanisa alishika mkungu wa kwanza, akaanza kuita bei kwa utani, na watu wakawa wanacheka na kupandishiana. Mama anapenda mnada kuliko mahubiri, na huwa hashindwi. Alikuwa amesimama mbele na mkoba wake kwapani.

Niliona ameacha kupandisha bei. Kuku aliyemtaka alikwenda kwa mtu mwingine na yeye hakujali. Nikasogea. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na ilikuwa siku ya baridi, wingu limekaa juu ya mlima.

"Mama, unajisikiaje?"

Alinitazama bila kunitambua vizuri. Akasema kitu kwa Kimeru, nusu yake haikueleweka, kisha magoti yakalegea. Nilimdaka mabegani na tukakaa chini pamoja kwenye nyasi, kichwa chake kifuani kwangu.

Jirani yake alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Marehemu mumewe alikuwa na sukari, kwa hiyo yeye alimwangalia mama mara moja tu.

"Sukari imeshuka hiyo! Leteni soda! Haraka!"

Soda zilikuwepo, kreti nzima ilikuwa inangoja kupigwa mnada. Mtu akafungua chupa, jirani akaipeleka mdomoni kwa mama. Mama akafunga midomo. Akageuza uso. Jirani akajaribu tena, na soda ikamwagika shingoni, ikaingia kwenye gauni la kanisani.

"Mama, kunywa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yanazunguka lakini yalinitafuta mpaka yakanipata. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoka usingizini, "Si ulisema ni sumu?"

Watu walikuwa wametuzunguka, na wote walisikia. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Jirani alinitazama, akanipa ile chupa.

"Nilikosea," nikamwambia mama. "Mama, nilikosea. Kunywa. Mimi ndiye nakuambia unywe. Ni mimi."

Nilirudia mara nyingi, sijui ngapi. Mwishowe alifungua midomo kidogo, kama mtoto anayekubali dawa, akameza. Akameza tena. Alipomaliza nusu chupa alianza kuishika mwenyewe. Nguvu zilianza kumrudia taratibu, dakika kama kumi, na jambo la kwanza alilouliza likawa, "Kuku kachukuliwa na nani?" Watu wakacheka kwa woga na nafuu. Mimi nilikuwa nalia.

Mzee wa kanisa aliacha mnada, akawasha pikapu yake, tukampakia mbele tukampeleka hospitali. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimsalimia mama shikamoo, akampima kidole, akaangalia daftari lake la kliniki ambalo mama hutembea nalo kwenye mkoba.

"Vidonge amemeza leo?"

"Amemeza," nilisema.

"Na chakula?"

"Yai moja."

"Yai na nini?"

Mama, aliyekuwa amelala kitandani na dripu mkononi, akajibu kwa niaba yangu. "Yai tu. Sisi hatuli wanga."

Daktari aliniangalia. "Sisi?"

Nikamweleza yote. Kundi, magoti, kapu la Jumamosi ile, muuguzi ambaye hakuambiwa. Nilitegemea anigombeze mbele ya wagonjwa, na kwa kweli nilitaka anigombeze. Akavuta kiti akakaa.

"Hiki kidonge anachomeza kinasukuma mwili utoe kitu cha kushusha sukari," alisema. "Kinafanya hivyo awe amekula ugali au hajala. Ukiondoa ugali, kidonge hakijui. Kinaendelea kushusha. Chakula chako kilimshusha na dawa yetu ikamshusha, kwa wakati mmoja. Angetuambia mapema, tungepunguza dawa."

"Kwa hiyo ile dayati ni mbaya?"

"Sijasema hivyo. Ona daftari lake, sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Kupunguza wanga kunasaidia wagonjwa wengi wa sukari, hata sisi tunawaambia wapunguze."

Hapo nikapata ujasiri nikamuuliza swali lililokuwa linanikera tangu mwanzo: kama kunasaidia, kwa nini ile picha ya ukutani bado ina mahindi na ndizi?

Hakukasirika. Alisema miongozo ile inaandikwa kwa ajili ya watu wote, anayelima na anayekaa ofisini, mjamzito, mtoto, na mtu ambaye nyama anaiona Krismasi. Mtu akiacha wanga lazima ajaze nafasi yake na kitu, na wengi wanaijaza kwa mafuta na nyama nyekundu kila siku, wanaacha maharage na matunda. Miezi michache mtu anapendeza. Miaka kumi na tano, ishirini, moyo na figo zitasemaje? "Kwa hilo la muda mrefu hatuna uhakika kama watu wa kwenye simu wanavyojifanya wanao," alisema. "Ndiyo maana tunapima. Bibi tutampima figo na mafuta kwenye damu. Na wewe upime. Una muda gani hujapima?"

Sikuwahi kupima kabisa.

Kutoka kitandani mama akasema, "Na mimi hamniulizi?"

Tukageuka wote wawili.

"Mmeongea habari za tumbo langu kama mimi sipo. Kliniki waliniambia nile yote kidogo, mwanangu akaniambia nisile. Mimi nalima. Nakata majani, nabeba mzigo wa ng'ombe nikipanda kilima. Nataka ndizi mbili mchana. Kubwa mbili. Asubuhi yai naweza, nimelizoea, na uji sitaki tena, ulikuwa unanitia usingizi. Hilo la uji mwanangu alikuwa sahihi."

Daktari akacheka. "Bibi, ndizi mbili na maharage na mboga nyingi. Tukubaliane hivyo?"

"Na loshoro Jumapili."

"Bakuli dogo."

"Dogo la nani?" mama aliuliza, na daktari akamwonyesha kwa mikono, na mama akasukuma mikono ile ikaongezeka kidogo.

Walimlaza mpaka kesho yake kwa sababu kile kidonge hukaa mwilini muda mrefu na sukari ingeweza kushuka tena. Haikushuka. Kidonge kikabadilishwa, akapewa cha namna nyingine, na akaambiwa kwamba siku akibadilisha chakula, iwe kwa ushauri wa mwanawe au wa malaika, aje kwanza kusema.

Nilijitoa kwenye lile kundi wiki hiyo hiyo. Sikuwatukana. Walikuwa watu wema, wengi wao walinisaidia, na bado naamini kama nisingepunguza ugali na chapati leo ningekuwa nashika ukuta. Lakini nilipopima damu, daktari aliniambia mafuta yangu yamepanda, si ya kutisha, ila yamepanda. Kwa hiyo siagi nikaiweka kando, maharage yakarudi mezani, na mchana nakula kiazi kitamu kimoja au wali vijiko vichache. Uzito umeongezeka kilo mbili na magoti hayajalalamika. Sahani yangu ya sasa haifanani na ya kundini, wala na ile ya ukutani. Nikiiangalia vizuri, inaelekea zaidi ile ya ukutani kuliko nilivyopenda kukiri.

Vipimo vikubwa vya mama, vya figo na mafuta, daktari alivipanga baada ya miezi mitatu, na ile miezi ya kungoja ndiyo iliyokuwa mirefu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nimemharibia figo. Kila alipochelewa kupokea simu nilimwona tena kwenye nyasi za kanisani. Nilimpigia jirani yake hadi siku moja akaniambia, bila ubaya, "Mama yako yuko shambani, acha nimalize kuosha vyombo." Nilimwomba radhi yeye pia, kwa sababu alikuwa ameona mbele kabla yangu. Akasema yeye hakuona chochote, alikuwa anamtania tu shoga yake.

Siku ya majibu nilichukua ruhusa kazini. Tulikaa kwenye benchi la nje, mama akiwa na kitenge kipya, anasalimiana na kila anayepita. Tukaitwa. Daktari yule yule alifungua karatasi, akasoma kimya, na kusoma kwake kulichukua muda kiasi kwamba nilianza kuhesabu vigae.

"Bibi, figo zako ni nzima. Mafuta yako mazuri. Sukari ya miezi mitatu imeshuka kuliko mwaka wote uliopita, na kwenye daftari lako haijashuka tena kupita kiasi hata mara moja."

"Asante Mungu," mama alisema. "Sasa tunaweza kwenda? Nimeacha ng'ombe hana majani."

Sikuweza kuinuka mara moja. Daktari aliniangalia akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mavuno ilikuwa kweli.

Tulishuka na kupanda ile njia ya miguu hadi kwake, yeye mbele, mimi nyuma nahema. Nyumbani nilivua viatu nikajinyoosha kwenye kitanda chake nikisubiri chai. Chai sikuinywa. Nililala saa sita mchana, usingizi mzito wa mtu aliyekesha, na nilipoamka jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili na mtu alikuwa amenifunika blanketi. Nje mama alikuwa anabishana na jirani kwa sauti kubwa juu ya mbuzi aliyeingia kwenye maharage. Nilibaki nimelala kidogo, nikiwasikiliza.